Williamson: Aliyetafuta almasi wakati wenzake wanakimbilia dhahabu

ABIRIA anayetoka Shinyanga kwenda Mwanza hupita Maganzo, mji mdogo wenye vibanda vya biashara kando ya barabara kuu. Si mbali na hapo uko mgodi wa Mwadui, na ukiwauliza wenyeji ulivyogunduliwa utapewa hadithi tamu. Utaambiwa kuwa Mzungu mmoja gari lake lilikwama kwenye tope, akaenda kupumzika chini ya mbuyu, akaona kitu kinang'aa, akainama na kuokota utajiri.

Hadithi hiyo imezunguka kwa zaidi ya miaka 80 na haichoshi. Tatizo lake ni kwamba inamfanya Dk. John Thoburn Williamson aonekane mtu wa bahati nasibu, wakati aliufikia mgodi huo baada ya miaka ya kutembea, kuchekecha mchanga, kukopa na kuugua malaria. Kama kulikuwa na mbuyu, basi ulimkuta tayari anajua anachokitafuta.

Kwa mkulima au mfanyabiashara mdogo anayejiuliza mawazo mapya hutoka wapi, sehemu hiyo ya maisha yake ndiyo yenye faida kuliko mbuyu.

Kutoka sheria hadi mawe

Williamson alizaliwa Februari 10, 1907, huko Montfort katika jimbo la Quebec, Kanada. Alipoingia Chuo Kikuu cha McGill mjini Montreal, nia ilikuwa asome sheria. Safari moja ya likizo kwenda Labrador, nchi ya baridi na miamba upande wa mashariki wa Kanada, ikambadilisha mawazo. Aliporudi aliachana na sheria, akaanza kusoma jiolojia, yaani elimu ya miamba na madini. Mwaka 1933 alikuwa na shahada ya udaktari.

Miaka hiyo ilikuwa mibaya kwa kijana anayetafuta kazi. Uchumi wa dunia ulikuwa umeporomoka tangu mwaka 1929 na migodi mingi ilikuwa inapunguza watu. Williamson akaja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, katika kampuni iliyokuwa ikipima ardhi kutafuta madini. Katikati ya miaka ya 1930 alihamia Tanganyika, akaajiriwa kwenye mgodi mdogo wa almasi uliokuwa Mabuki, kusini mwa Mwanza.

Mabuki haukuwa mgodi wa kujivunia. Almasi zilikuwapo, lakini chache, na gharama zilikuwa zinakaribia kula mapato yote. Wenye kampuni walikata tamaa. Mtu wa kawaida angefungasha mizigo yake na kutafuta ajira kwingine.

Kila mtu alitazama dhahabu

Ili kuuelewa uamuzi wake, lazima kukumbuka hali ya Kanda ya Ziwa wakati huo. Mwaka 1934 Marekani ilipandisha bei rasmi ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi dola 35 kwa wakia. Habari hiyo ilifika haraka hadi vichakani. Geita, ambako Wajerumani walikuwa wamekwishaona dalili za dhahabu mwishoni mwa karne ya 19, kukawa na pilikapilika. Mgodi wa Geita ulianza kuchimbwa katika miaka hiyo ya 1930 na uliendelea hadi mwaka 1966, ukiwa miongoni mwa migodi mikubwa ya dhahabu ya Afrika Mashariki kwa enzi zake. Mwenye sururu, mwenye mtaji na mwenye tamaa, wote walielekeza macho huko.

Wakulima wa Shinyanga wanalifahamu jambo hili bila kufundishwa. Dengu zikipanda bei, msimu unaofuata wilaya nzima ni dengu. Mwishoni mwa mwaka 2017 India, ambayo ndiyo mnunuzi mkubwa, ilipoweka ushuru mzito kwa dengu za kutoka nje, waliokuwa wameweka mayai yote katika kapu hilo walijikuta na magunia yasiyo na mnunuzi wa maana.

Williamson hakuidharau dhahabu. Alichofanya ni kukaa Mabuki na kulipa uzito swali ambalo wengine walilipita. Almasi hizo chache zilizokuwa zinaokotwa hapa na pale zilitoka wapi?

Hesabu ya mchanga

Almasi haizaliwi kwenye mchanga wa mto. Hutengenezwa chini sana ardhini, kwenye joto na mgandamizo mkubwa, kisha hupandishwa juu na mlipuko wa kivolkeno kupitia shimo linalofanana na bomba. Mwamba unaojaza bomba hilo huitwa kimbalaiti, jina lililotokana na mji wa Kimberley, Afrika Kusini. Baada ya mamilioni ya miaka mvua huumomonyoa mwamba, maji yakazibeba almasi na kuzitawanya mbali. Kwa hiyo anayeokota almasi kwenye kijito ni kama mtu anayeokota punje za mtama njiani. Punje hazikuota njiani. Kuna ghala mahali fulani na kuna gunia lililotoboka.

Ghala hilo linatafutwaje katika nchi tambarare ya mbuga, isiyo na mlima wala bonde la kukuonyesha kitu? Almasi zenyewe ni adimu mno. Lakini husafiri na wenzake. Kimbalaiti ina madini mengine mazito, kama ganeti nyekundu na ilmenaiti nyeusi, ambayo ni mengi kuliko almasi mara nyingi sana. Mtafutaji hujaza kokoto kwenye chekeche, huzungusha ndani ya maji, na mazito hujikusanya katikati. Akiligeuza chekeche chini, yale mazito hubaki juu kama jicho. Mchimbaji mdogo wa Maganzo hufanya hivyo hadi leo, na mwenzake wa Geita anayeosha dhahabu kwenye mwalo anatumia kanuni ileile: kizito kinazama, chepesi kinachukuliwa na maji.

Kazi yenyewe ilikuwa ya kuchosha. Ni kuchukua udongo hapa, kuuosha, kuandika ulichokiona, kusogea, kuchukua tena. Maji yenyewe katika nchi kavu kama Shinyanga ni ya kusomba. Wasaidizi wake Waafrika ndio waliochimba, waliobeba na waliochekecha, ingawa simulizi nyingi za ugunduzi huu zimetunza jina la bwana mmoja tu. Kinachoonekana wazi ni kwamba mtiririko wa udongo wenye dalili ulikuwa unahesabiwa, si kubahatishwa. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na Williamson aliinama kwa miaka.

Fedha ndizo zilizokaribia kumshinda. Mshahara haukuwapo tena, malaria ilimsumbua mara kwa mara, na kampuni kubwa hazikuwa na hamu na mtu anayefukuzia kitu walichokwishaamua kuwa hakipo. Aliyemuokoa ni Iqbal Chand Chopra, wakili mwenye asili ya Kihindi aliyekuwa akifanya kazi Mwanza. Chopra alimsaidia kwa fedha na kwa ujuzi wake wa sheria, naye akapewa hisa. Uamuzi huo ulikuja kumfanya tajiri mkubwa.

Huyu Chopra husahauliwa mapema mno. Hakujua kutofautisha ganeti na kokoto, na hakuhitaji kujua. Alichokisoma ni mtu, pamoja na karatasi zake. Mwenye wazo bila mtaji na mwenye mtaji bila wazo walikutana wakaandikiana, na maandishi hayo yaliwafaa wote wawili jiwe lilipopatikana. Biashara ngapi za ndugu na marafiki Kahama na Katoro zimevunjika kwa sababu mapatano yalifanyika kwa mdomo tu, tena kabla faida haijaonekana?

Machi 1940

Machi 6, 1940, Williamson alilipata ghala lake. Lilikuwa Mwadui, kilomita zipatazo 30 kutoka mjini Shinyanga, eneo ambalo leo liko wilaya ya Kishapu.

Ukubwa wake ndio uliowashangaza wataalamu. Bomba la Mwadui kwa juu lina hekta 146, yaani takriban ekari 360. Migodi mingi maarufu ya almasi haifikii hata robo ya eneo hilo. Inawezekanaje kitu kikubwa kiasi hicho kikajificha machoni pa watu waliokuwa wakipita juu yake?

Jibu ni la kijiolojia, lakini lina funzo la kibinadamu ndani yake. Mabomba ya Kimberley, yaliyokuwa kipimo cha wataalamu wote, yalikuwa yamemomonyoka sana juu, hivyo mchimbaji hukutana mapema na mwamba wa bluu unaotambulika. Mwadui ni changa zaidi, ina miaka kama milioni 50 hivi, na haikumomonyoka kwa kiasi hicho. Juu yake bado kulikuwa na mashapo ya ziwa la zamani lililojaa kwenye kreta, kisha kokoto, kisha udongo. Aliyekuja na picha ya Kimberley kichwani angeweza kusimama katikati ya Mwadui na kuandika kwamba hapa hakuna kitu. Williamson alifuata udongo ulivyomwelekeza, hata pale ulipokataa kufanana na kitabu.

Mitambo ya kuokoteza

Vita Kuu ya Pili ya Dunia ilikuwa na miezi sita tangu ianze. Mitambo mipya kutoka Ulaya haikupatikana kirahisi, na hata ingepatikana, fedha za kuinunulia hazikuwapo. Hivyo mgodi mkubwa kuliko yote ya aina yake ulianza kwa majembe, machekeche na vifaa vilivyokwishatumika kwingine, vikaunganishwa na kurekebishwa hapo hapo. Kwa kuwa kokoto zenye utajiri zilikuwa juu juu, hakukuwa na haja ya kuchimba mashimo marefu. Almasi zilizotoka ndizo zilizonunua mtambo uliofuata, na mtambo huo ukanunua mwingine. Mwaka 1942 kampuni ya Williamson Diamonds ikaandikishwa.

Vita yenyewe ilisaidia soko. Viwanda vya silaha na mashine vilihitaji almasi za kukatia na kusagia vyuma, kwa hiyo hata mawe yasiyofaa kwa pete yalikuwa na mnunuzi.

Njia ya kutenganisha almasi na kokoto iliyotumiwa na migodi ya enzi hizo nayo inafaa kuelezwa, kwa kuwa ni mfano mzuri wa wazo rahisi. Almasi haipendi maji lakini hunata kwenye grisi. Kokoto zilizooshwa zilimiminwa pamoja na maji juu ya meza iliyopakwa grisi nene. Mawe ya kawaida yalilowa yakapita, almasi zikanasa. Kisha grisi ilikwanguliwa na kuchemshwa. Wazo hilo lilibuniwa Kimberley mwishoni mwa karne ya 19, miaka mingi kabla ya Mwadui.

Lakini mawe hayo yanapatikana kwa shida kuliko watu wanavyodhani. Katika miaka ya karibuni mgodi wa Mwadui umekuwa ukipata karati kama sita kwa kila tani 100 za mwamba. Karati tano ni gramu moja. Ni lori baada ya lori la udongo kwa ajili ya kitu kisichojaa kijiko cha chai. Kwenye kokoto za juu za wakati wa Williamson hali ilikuwa nzuri zaidi, lakini hata hapo biashara ilikuwa ya kusukuma udongo mwingi kwa gharama ndogo. Tangu mwaka 1940 zimetoka zaidi ya karati milioni 19.

Jiwe la waridi na mabishano ya soko

Oktoba 1947 ilipatikana Mwadui almasi ya rangi ya waridi yenye karati 54.5, karibu gramu 11. Mwezi uliofuata Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza aliolewa, na Williamson akampa jiwe hilo kuwa zawadi ya harusi. Lilikatwa London likabaki na karati 23.6, na mwaka 1953 likawekwa katikati ya bruchi yenye umbo la ua iliyotengenezwa na Cartier. Malkia aliivaa mara nyingi hadi uzeeni.

Wapo wanaoiona kama ukarimu wa mtu mpweke, maana Williamson hakuoa. Wapo wanaosema lilikuwa tangazo la biashara lisilo na mfano: fedha gani ingeweza kulinunulia jina la Mwadui nafasi hiyo katika magazeti ya dunia nzima? Na wapo Wasukuma wanaouliza ni nani alimpa ruhusa ya kugawa mali ya nchi yao. Hoja zote tatu zina uzito wake.

Katika kuuza alikuwa mgumu. Biashara ya almasi ghafi duniani ilikuwa mikononi mwa De Beers, kundi lililoongozwa na Ernest Oppenheimer, ambalo lilinunua kupitia mlango mmoja, likapanga kiasi na bei. Williamson hakutaka kumezwa. Kuna kipindi, miaka ya 1940 ikielekea kwisha, alizuia mawe yake yasiende sokoni, akayahifadhi akisubiri masharti bora, kabla ya mapatano kufikiwa mwanzoni mwa miaka ya 1950. Aliweza kusubiri kwa sababu almasi haiozi. Mkulima wa nyanya hana nafasi hiyo. Mkulima wa pamba anayo kidogo, endapo ana ghala na hana deni la mbegu linalombana.

Maisha ndani ya uzio

Kutokana na almasi ulijengwa mji kamili: nyumba, hospitali, shule, maduka, uwanja wa ndege, mabwawa ya maji katika nchi yenye kiu. Maelfu ya watu waliajiriwa. Aliyekulia Mwadui enzi hizo husimulia taa za barabarani wakati vijiji jirani viko gizani.

Upande wa pili wa uzio simulizi ni nyingine. Walinzi, upekuzi, na sheria ya kikoloni iliyomfanya mwenyeji kuwa mhalifu akikutwa na jiwe ghafi mfukoni, hata kama ameliokota kwenye shamba la babu yake. Makazi ya Wazungu, Waasia na Waafrika yalitengana, kama ilivyokuwa katika koloni zima. Neno wabeshi, wanalotumia watu wa Maganzo kwa wale wanaovizia usiku kuingia mgodini kutafuta kokoto, ni tawi la mti huo huo. Ubunifu wa Williamson ulikuwa mkubwa katika udongo na mitambo. Katika suala la nani anufaike, alibaki mtu wa koloni lake.

Karani mmoja aliondoka

Miongoni mwa Waafrika walioajiriwa Mwadui katikati ya miaka ya 1940 alikuwamo kijana aliyezaliwa Musoma mwaka 1925, Paul Bomani. Hakukaa sana. Mwaka 1947, mwaka uleule wa jiwe la waridi, alikwenda Mwanza kufanya kazi katika ushirika wa wafanyabiashara Waafrika.

Huko alikuta wakulima wa pamba wakilalamika juu ya mizani. Mnunuzi ndiye aliyepima, ndiye aliyesoma kipimo, ndiye aliyelipa. Malalamiko hayo yalikuwa ya zamani. Wazo lililoibuka lilikuwa dogo kabisa: wakulima wachange, waajiri mpimaji wao wenyewe asimame kando ya mizani na kupima upya. Kutokana na wapimaji hao vikaja vyama vya msingi, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, ambalo kabla ya Uhuru lilikuwa limeshika ununuzi wa pamba wa Kanda ya Ziwa, likiwa na viwanda vyake vya kuchambulia. Bomani akawa baadaye Waziri wa Fedha wa Tanganyika huru. Alifariki mwaka 2005.

Kama kuna kitu alijifunza Mwadui, huenda ni kuona jinsi mwenye jiwe anavyoweza kukataa bei. Lakini hilo ni la kukisia. Lililo wazi ni kwamba wazo la mizani halikuhitaji shahada wala mkopo, na lilimgusa mwananchi wa Maswa, Kwimba na Geita kuliko almasi zote.

Mwisho wa bwana, si wa mgodi

Williamson aliugua saratani ya koo. Alifariki Mwadui Januari 8, 1958, akiwa bado hajatimiza miaka 51. Hakuwa na mke wala mtoto, hivyo mali ikaenda kwa ndugu zake. Mwaka huohuo waliiuza kampuni: nusu ikanunuliwa na serikali ya Tanganyika, na nusu nyingine na De Beers, walewale aliobishana nao.

Mwaka 1973 serikali ilichukua mgodi wote. Mitambo ilichakaa, uzalishaji ukashuka, na mwaka 1994 De Beers wakarudi wakiwa na asilimia 75. Mwaka 2009 hisa zao zikaenda kwa kampuni ya Petra Diamonds. Novemba 7, 2022 ukingo wa bwawa la tope la mgodi ulibomoka, tope likafunika mashamba na nyumba za vijiji jirani.

Nje ya uzio, pembezoni mwa Maganzo, wachimbaji wadogo wanaendelea kuchekecha kokoto, zikiwamo zile ambazo mvua ilizibeba mbali na bomba kubwa muda mrefu kabla Williamson hajazaliwa. Chekeche linazungushwa ndani ya maji, linageuzwa, na wote waliopo wanainama kuangalia jicho.